Maudhui ya Ugonjwa na Thamani ya Maisha katika Bembea ya Maisha

Tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege haina vita, haina kampeni za uchaguzi, wala haina mtawala dhalimu anayengoja kupinduliwa. Ina mama mmoja anayeugua moyo. Ugonjwa wa mama huyo ndio unaomleta Dina jikoni kwa jirani yake, unamwondoa Neema mjini hadi kijijini, unamkalisha Bunju chini kuhesabu fedha na kumrudisha Yona nyuma kuyatazama maisha yake. Ukiuondoa ugonjwa wa Sara, wahusika hawa hawana sababu kubwa ya kukutana na kusemezana ukweli.

Hata hivyo, watahiniwa wengi wanapoulizwa kuhusu maudhui ya tamthilia hii hukimbilia mila, ndoa, elimu, ulevi na nafasi ya mwanamke. Ugonjwa huutaja mwishoni kwa sentensi moja: kwamba Sara ni mgonjwa na anahitaji matibabu. Sentensi hiyo ni kweli, lakini haina uzito wa kutuzwa alama nyingi. Katika sehemu hii tutausoma ugonjwa kama swali ambalo mwandishi anamwuliza kila mhusika: nguvu zikiisha, fedha zikipungua na siku zikiwa hazina uhakika, ni nini hasa chenye thamani?

Baada ya kusoma sehemu hii, unatarajiwa uweze:
- kueleza jinsi ugonjwa wa Sara unavyoendeleza ploti;
- kuonyesha jambo ambalo kila mhusika anafunzwa, au anakataa kufunzwa, na ugonjwa huo;
- kuepuka kasoro zinazowapotezea watahiniwa alama katika swali la aina hii;
- kuandika jibu lililokamilika la alama 20.

Weka nakala yako ya tamthilia kando yako. Kila hoja utakayoisoma hapa, itafutie ukurasa na tukio wewe mwenyewe, kisha uandike nambari ya ukurasa pambizoni. Hoja uliyoitafuta mwenyewe haitakutoroka ndani ya chumba cha mtihani.

A. MKONDO WA UGONJWA

Sara anaishi kijijini na mumewe, Yona. Amekuwa akiugua kwa muda na kazi za nyumbani sasa zinamlemea. Dina, rafiki na jirani yake, ndiye anayekuja kumsaidia kupika. Yona aliwahi kuwa mwalimu, lakini ulevi ulimharibia kazi. Anaporudi nyumbani anatarajia kukuta chakula kama ilivyokuwa mkewe alipokuwa na nguvu.

Neema, kifungua mimba wao, anaishi mjini na mumewe Bunju na mtoto wao Lemi. Yeye ndiye anayechukua jukumu la kumtoa mamake kijijini na kumpeleka kwenye hospitali ya mjini. Huko mjini yanazuka mambo mapya: gharama za matibabu, mvutano kati ya Neema na Bunju, na mila ya wakwe kuhusu mahali ambapo mama mkwe anaweza kulala. Sara anapata hifadhi katika chumba cha Asna, bintiye mwingine. Yona anaachwa kijijini na fikira zake. Mbele ya safari tunamwona akijuta na kuanza kubadilika.

Angalia kwamba mkondo huu una safari mbili. Moja ni ya mwili: Sara anatoka kijijini, anaenda mjini. Nyingine ni ya moyo: watu waliomzunguka wanatoka mahali walipokuwa wamezoea kukaa, wanasogea. Wengine wanasogea mbali, wengine hatua moja tu. Swali la maudhui linahusu safari hii ya pili.

Kwa nini moyo? Mwandishi angeweza kumpa Sara maradhi mengine. Katika Kiswahili, moyo ni kiungo cha mwili na pia ni makao ya hisia. Tunasema mtu amevunjika moyo, ana moyo mzito, amepiga moyo konde, ana moyo wa jiwe. Kwa hiyo msomaji anaweza kuutazama moyo unaougua wa Sara kama jazanda ya ndoa na familia ambayo pia inaugua. Ukitumia hoja hii, iseme kama tafsiri yako inayotokana na matukio. Usidai kwamba mhusika fulani ametamka hivyo.

Kuna jambo jingine la kukumbuka kuhusu maradhi ya moyo. Mgonjwa wa moyo huhitaji kutumia dawa bila kukatiza, kupumzika na kuepushwa na mafadhaiko. Dawa huweza kununuliwa na mtu mmoja. Mapumziko na utulivu lazima vitolewe na watu wote wa nyumba. Hii ndiyo sababu mwenendo wa Yona hauwezi kutenganishwa na afya ya Sara: anapolewa na kuzusha maneno, anakuwa kama anayemwaga dawa chini.

B. UGONJWA UNAVYOWAPIMA WAHUSIKA

1. Sara: aliyezoea kutunza anatunzwa

Kwa miaka mingi Sara ndiye aliyekuwa mhimili wa nyumba. Alivumilia masimango ya watu, akalea mabinti, akasimama katika ndoa yenye misukosuko. Thamani yake machoni pa jamii ilipimwa kwa kazi za mikono yake na kwa watoto aliozaa. Ugonjwa unamnyang'anya kazi. Je, anabaki nani?

Hapa ndipo penye funzo kubwa la mhusika huyu. Kutunzwa si jambo rahisi kwa mtu aliyezoea kutunza wengine. Inambidi aione Dina ikishika mwiko jikoni mwake, aone bintiye akitoa fedha, akubali kuondoka kwake na kulala pasipo pake. Ugonjwa unadhihirisha kwamba thamani yake haikuwa katika sufuria wala jembe. Watu wanakuja kwake hata sasa ambapo hana cha kuwafanyia.

Usimwandike Sara kama mtu wa kuhurumiwa tu. Ana msimamo kuhusu mila, ana mapenzi kwa mumewe licha ya yote, na anawashauri mabinti wake akiwa katika hali hiyo hiyo. Mgonjwa huyu bado ni mama.

2. Yona: kauli za watu dhidi ya watu wa nyumbani

Ili umwelewe Yona, rudi nyuma hadi mwanzo wa ndoa yake. Jamii iliwasimanga yeye na Sara walipokawia kupata mtoto. Walipopata watoto, masimango yakabadilika sura: kwa nini ni mabinti watupu? Yona aliyabeba maneno hayo vibaya. Alitafuta faraja katika pombe, na pombe ikamla kazi na heshima.

Yona alitumia miaka yake akijibu swali ambalo majirani walimwuliza: mrithi wako yuko wapi? Ugonjwa wa Sara unaleta swali tofauti kabisa: nani atakayempeleka mkeo hospitalini? Anayejitokeza ni binti. Hiki ni kinaya kikubwa, na ni mojawapo ya hoja bora unazoweza kuandika. Wale waliohesabiwa kuwa pengo ndio wanaoziba pengo. Alichokitafuta Yona nje, na kukilewea, kilikuwa nyumbani kwake tangu siku Neema alipozaliwa.

Majuto ya Yona ni ya kweli, lakini ni ya mtu aliyechelewa. Mtahini atafurahi ukionyesha pande zote mbili: kwamba anabadilika, na kwamba mabadiliko hayo hayarudishi miaka iliyopotea wala afya ya mkewe.

3. Neema: binti, mke na mama kwa wakati mmoja

Neema anajua ni nini chenye thamani tangu mwanzo. Mamake ni mgonjwa, mamake lazima atibiwe. Kwake ugonjwa haufunzi thamani mpya; unampima kama atailipia ile anayoijua. Ana kazi, ana mume, ana mtoto. Kila shilingi na kila saa anayompa mamake inatoka mahali pengine.

Wengi wenu mmewahi kuhudhuria harambee ya kuchangia matibabu, au mmeona nyumbani kwenu jioni ambapo simu zinapigwa kwa jamaa mmoja baada ya mwingine. Mnajua kwamba mgonjwa mmoja huweza kuchosha mifuko ya ukoo mzima. Mnajua pia kwamba katika kila ukoo kuna mtu mmoja ambaye simu humfikia yeye kwanza. Katika tamthilia hii mtu huyo ni Neema. Mzigo wake unatuonyesha faida ya kumsomesha mtoto wa kike, na wakati huo huo unatuonyesha uchovu wa yule anayetegemewa na wote.

4. Bunju: bajeti na binadamu

Watahiniwa humtia Bunju katika kapu moja: mchoyo, basi. Soma tena. Bunju ni mtu wa mipango. Anajali familia yake ndogo, yaani mke na mtoto wake. Isitoshe, ndiye aliyemwokoa Neema alipopata ajali, kabla hawajawa mume na mke. Mtu aliyesaidia asiyemjua barabarani hawezi kuelezwa kwa neno moja tu la uchoyo.

Tatizo la Bunju ni mpaka. Amechora mstari unaoonyesha familia yake inaishia wapi, na Sara amebaki ng'ambo ya mstari huo. Ugonjwa unakuja kumwuliza kama mama aliyemzaa mke wake ni mtu wa nje. Hapa swali la tamthilia linakuwa gumu, na si la Bunju pekee. Vijana wengi wa Kenya wanaofanya kazi mijini wanakabiliwa nalo: karo ya mtoto hapa, hospitali ya mzazi kule, na mshahara ni mmoja. Ukiulizwa umkadirie Bunju, eleza hoja yake kwa haki kwanza, kisha uonyeshe pale inapopungukiwa: bajeti isiyoacha nafasi ya mgonjwa haijakamilika, kwa kuwa ugonjwa haupigi hodi.

5. Asna: chumba kidogo

Asna hana kazi nono wala nyumba kubwa. Maisha yake ya mjini ni ya kubana. Katika jamii kadhaa nchini ni mwiko mzazi kulala katika nyumba ya binti aliyeolewa, na mila ya namna hii ndiyo inayomzuia Sara kulala kwa Bunju na Neema. Nyumba yenye nafasi inafungwa na mila. Chumba kisicho na nafasi kinafunguliwa na upendo. Linganisha nyumba hizi mbili na utakuwa umepata hoja kuhusu utabaka, kuhusu mila na kuhusu thamani ya utu, zote katika tukio moja.

6. Dina: ujirani

Dina hana undugu wa damu na Sara. Hatoi fedha nyingi. Anatoa muda na mikono yake, na anafanya hivyo kabla gari la kwenda mjini halijafika. Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Usiishie kuandika methali hiyo, onyesha inavyothibitika. Dina anatufunza kwamba mgonjwa huhitaji mtu wa leo jioni kabla ya daktari wa kesho.

C. TAHADHARI KUHUSU MAUDHUI HAYA

Kuna kishawishi cha kuhitimisha kwamba ugonjwa wa Sara ulikuwa baraka kwa kuwa umeileta familia pamoja. Kauli hiyo inapendeza sikioni lakini hailingani na tamthilia. Jiulize: baraka kwa nani? Yona anapata nafasi ya kujirekebisha, mabinti wanapata nafasi ya kuonyesha upendo, lakini anayelipia masomo haya yote kwa mwili wake ni Sara. Mwandishi haonyeshi kwamba maumivu ni mazuri. Anaonyesha kwamba watu husubiri maumivu ndipo waseme na kutenda yale waliyopaswa kuyatenda mapema. Hilo ni lawama, si sifa.

Vilevile, ugonjwa wenyewe haumfunzi mtu. Ungekuwa unafunza, wahusika wote wangejifunza jambo moja kwa kasi moja. Wanatofautiana kwa sababu kila mmoja anachagua jinsi ya kuuitikia. Dina anauitikia kwa mikono, Neema kwa mfuko na nyayo zake, Bunju kwa hesabu, Yona kwa majuto. Ukiandika kuhusu uchaguzi huu, jibu lako litavuka kiwango cha kusimulia na kufikia kiwango cha kuchanganua.

Jihadhari pia na kasoro zifuatazo:
- Kusimulia hadithi tangu mwanzo hadi mwisho bila kutenga hoja. Mtahini haamui hoja yako ni ipi. Wewe ndiwe unayepaswa kuionyesha.
- Kurudia hoja moja kwa maneno tofauti. "Neema anampenda mamake" na "Neema anamjali mamake" ni hoja moja.
- Kuchanganya wahusika. Lemi ni mtoto wa Neema na Bunju; Kiwa ni mwana wa Dina.
- Kuandika mahubiri kuhusu afya, lishe na mazoezi. Swali ni la fasihi. Kila unachodai kiegemeze kwenye tukio la tamthilia.

D. MBINU ZINAZOUBEBA UJUMBE HUU

Jazanda. Anwani yenyewe ni jazanda. Bembea hupanda na kushuka. Aliye juu sasa hivi atakuwa chini punde, na aliye chini huhitaji mtu wa kumsukuma. Sara alipokuwa na nguvu aliwasukuma wengine. Sasa zamu ya kusukuma imewafikia wao. Husisha kila mhusika na swali hili: je, ameshika kamba ya bembea au ameiachilia?

Kinaya. Tumeona kinaya cha mabinti waliodharauliwa kuwa wakombozi. Kuna kinaya pia katika Yona kuwa mwalimu: aliyefundisha watoto wa wengine anafunzwa maisha na ugonjwa wa mkewe.

Mbinu rejeshi. Wahusika wanakumbuka ya nyuma: miaka ya kukosa mtoto, masimango, siku za nguvu. Mgonjwa na walio karibu naye hurudi nyuma kwa sababu mbele hakuonekani vizuri. Mbinu hii ndiyo inayotuwezesha kupima kilichopotea.

Ulinganuzi. Kijiji na mji, nyumba ya Bunju na chumba cha Asna, Dina anayekuja bila kuitwa na Yona aliye nyumbani bila kuwepo. Ulinganuzi huu hutokea bila mwandishi kutoa maoni. Msomaji mwenyewe ndiye anayehukumu.

E. SWALI NA NAMNA YA KULIJIBU

Karatasi ya tatu, yaani 102/3, ina jumla ya alama 80. Unajibu maswali manne, kila moja alama 20, kwa muda wa saa mbili na nusu. Kwa hivyo una takriban dakika 37 kwa kila swali. Tenga dakika tano za kusoma swali na kuorodhesha hoja, na dakika mbili za kupitia ulichoandika.

Swali: "Ugonjwa wa Sara ni mizani inayopima kila mhusika." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Bembea ya Maisha. (alama 20)

Neno la kuongoza ni thibitisha. Hujaulizwa ukubali au ukatae. Neno la pili la kuzingatia ni mizani: lazima uonyeshe uzito wa mhusika, yaani kilichojulikana kumhusu kutokana na ugonjwa. Kumtaja mhusika na sifa yake pekee hakutoshi.

Soma aya hizi mbili.

Aya ya kwanza: Dina ni rafiki mzuri wa Sara. Sara anapougua, Dina anamsaidia. Hii inaonyesha kwamba Dina ana utu na ni mzuri. Sisi pia tunafaa kuwa kama Dina.

Aya ya pili: Ugonjwa wa Sara unampima Dina na kumdhihirisha kuwa jirani mwenye utu. Sara anaposhindwa na kazi za jikoni kutokana na maradhi ya moyo, Dina anafika kwake na kumsaidia kupika ilhali hana uhusiano wa damu naye. Msaada huu unatokea wakati ambapo Yona, mume wa mgonjwa, anangoja kuandaliwa chakula. Hivyo mizani inamwonyesha Dina kuwa mzito kwa vitendo kuliko yule aliyepaswa kuwa karibu zaidi na Sara.

Aya ya kwanza ina sifa bila tukio mahususi, na inamalizia kwa nasaha. Aya ya pili ina hoja katika sentensi ya kwanza, tukio katika ya pili, ulinganuzi katika ya tatu, na uhusiano na swali katika ya mwisho. Hazitofautiani kwa idadi ya sentensi. Zinatofautiana kwa kazi ambayo kila sentensi inafanya.

Utangulizi wako unaweza kuwa hivi: Mizani ni kifaa cha kupimia uzito. Katika tamthilia hii, maradhi ya moyo yanayomsumbua Sara yanafichua uzito wa utu, upendo na uwajibikaji wa watu wanaomzunguka, kama inavyodhihirika katika hoja zifuatazo.

Kisha panga hoja zako. Mifupa yake ni hii. Wewe utie nyama:
1. Yona anadhihirika kuwa mume aliyetelekeza wajibu kwa sababu ya ulevi.
2. Yona huyo huyo anadhihirika kuwa mtu anayeweza kujuta na kubadilika.
3. Neema anadhihirika kuwa binti mwajibikaji kwa kumpeleka mamake mjini na kushughulikia matibabu.
4. Neema anadhihirika kuwa mke aliye katika njia panda kati ya mzazi na ndoa.
5. Bunju anadhihirika kuwa mwenye mipango lakini mgumu wa kutoa kwa wakwe.
6. Asna anadhihirika kuwa mkarimu licha ya ufukara wake.
7. Dina anadhihirika kuwa jirani mwenye utu.
8. Sara mwenyewe anadhihirika kuwa mvumilivu na mshikilia mila hata akiwa mgonjwa.
9. Jamii inadhihirika kuwa ilikosea kumdharau mtoto wa kike.
10. Kijiji kinadhihirika kuwa na upungufu wa huduma za afya, ndiyo maana mgonjwa analazimika kusafiri hadi mjini.

Hoja ya tisa na ya kumi zinavuka wahusika na kugusa jamii. Watahiniwa wachache huzifikia. Hitimisho lako liwe sentensi moja au mbili zinazorudi kwenye kauli ya swali. Usianzishe hoja mpya hapo.

F. MAZOEZI

1. "Mabadiliko ya Yona yamechelewa." Jadili ukirejelea tamthilia ya Bembea ya Maisha. (alama 20)
2. Kadiria uhusika wa Bunju ukizingatia msimamo wake kuhusu matibabu ya Sara. (alama 10)
3. Eleza umuhimu wa mbinu rejeshi katika kuendeleza maudhui ya thamani ya familia. (alama 10)
4. Fafanua ufaafu wa anwani Bembea ya Maisha kwa kumrejelea Sara. (alama 10)
5. Linganisha na ulinganue Neema na Asna kama mabinti wa mama mgonjwa. (alama 10)

Fanya zoezi la kwanza kwa kuzingatia saa. Kisha mpe mwenzako asahihishe: apige mstari chini ya kila hoja, na mstari mwingine chini ya tukio linaloithibitisha. Hoja yoyote isiyo na mstari wa pili iandike upya.

NENO LA MWISHO KWA MTAHINIWA

Baadhi yenu mnasoma tamthilia hii huku nyumbani kuna mgonjwa. Kwako wewe kitabu hiki si kigeni, na pengine ukurasa fulani utakuwa mgumu kuusoma mbele ya wenzako. Hakuna ubaya. Unachokijua kuhusu kumbeba ndoo mama asiyeweza kuibeba, au kumkumbusha baba saa ya dawa, kitakusaidia kuuona uzito wa matukio ambayo mwingine atayapita haraka. Katika mtihani andika kuhusu Sara, si kuhusu nyumbani kwako. Mtahini anatuza kilichomo kitabuni. Lakini mkifunga shule na ufike nyumbani, shika mwiko kabla hujaombwa. Yona alikuwa na miaka mingi ya kulifanya jambo hilo dogo.